Mfalme Kwenye Kopo la Biskuti

Harufu ya biskuti za tangawizi bado hunifanya nimtazame mara mbili anayenikaribisha.

Tulikuwa wageni katika mtaa wa Hagsätra, Uswidi. Jirani wa ghorofa ya chini, mama mzee wa Kiswidi, alituletea biskuti katika kopo la zamani lenye picha ya mfalme mwenye ndevu nyeupe zilizofika kifuani. Koko, ndivyo tulivyomwita bibi, alikataa kulifungua. Sura ile aliijua tangu shule ya misheni.

"Huyu ndiye mfalme wa Wabelgiji," akasema. "Aliifanya Kongo yote shamba lake, na hakukanyaga huko hata siku moja. Babu yangu alishindwa kufikisha kiwango cha utomvu wa mpira wa porini, askari wake wakamkata mkono. Sasa huyu mama anatuletea sura yake. Anataka nini?"

Akalibeba kopo, tukashuka. Nilitafsiri hayo yote pale mlangoni huku Koko akimkazia jirani macho. Jirani alisema kopo lilikuwa la marehemu mama yake, na yeye siku zote alidhani yule ni mfalme wa zamani wa Uswidi.

"Anadanganya?" Koko akaniuliza.

"Sijui, Koko."

"Mwambie ale yeye kwanza."

Niliona aibu, lakini nikasema. Jirani akachukua biskuti, akaanza kutafuna, kisha akauliza taratibu ulikuwa mkono gani.

Koko akainua wake wa kulia.

Jirani akaacha kutafuna. Akautazama ule mkono muda mrefu, machozi yakamlengalenga. Hapo ndipo Koko alipovua viatu, akaingia ndani.