Mkwe, Kaka na Betri ya Lori

Mwaka ule vyama vingi viliporudi, mume wangu na kaka yangu waliacha kula sahani moja. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Kisumu, na juu ya ukarani wake alikuwa katibu wa tawi la chama tawala. Kaka yangu alitengeneza redio katika soko la Kibuye na kukodisha vipaza sauti kwa wenye matanga na harusi, na alikuwa mpinzani tangu unyayo hadi utosi. Mimi niliuza mitumba mkabala na kibanda chake, na nyumba yetu ilikuwa Mamboleo, kwa hiyo mchana nilisikia siasa ya mmoja na jioni siasa ya mwingine. Wapiganapo tembo nyasi huumia, wanasema. Sawa, lakini mimi nilikuwa nyasi yenye mdomo, na niliwajibu wote wawili.

Haikuwa mizaha. Kaka yangu alipanda juu ya kreti la soda akaliambia soko zima kwamba shemeji yake ni kupe, na kupe hatoki kwa kubembelezwa. Kabla ya saa za chakula maneno yalikwisha kufika ofisini kwa mume wangu. Baada ya siku chache, barazani, mume wangu akasema wapo watu wa kufagiliwa mpaka ziwani, hata wakiwa ni wakwe. Walimpigia makofi. Alipofika nyumbani nikamuuliza kama katika hao wakwe wa kufagiliwa na mimi nimo. Akasema siasa ni siasa. Nikamwambia basi siasa ikupikie. Usiku ule alikunywa chai kwa mkate mkavu.

Yeye ni mtu wa Maragoli, mimi na kaka yangu ni Wajaluo, kwa hiyo walitukanana kwa Kiswahili, na kila mmoja alikiharibu kwa namna yake. Nilikuwa nacheka. Kisha watu wakaanza kupigwa mawe kwa sababu ya rangi ya shati, nikaacha kucheka.

Katikati ya vurugu hizo mama yetu akafa, kijijini kwetu kando ya ziwa, upande wa Seme. Nasema ukweli: kabla ya huzuni kunifikia, hofu ilitangulia. Kwetu, mama mkwe akifa, mkwe huja na fahali na watu wake, na wana wa boma humpokea langoni. Baba alikuwa amekufa zamani, na mwana wa boma alikuwa mmoja tu, kaka yangu. Mwana akiipokea kamba ya fahali, ukoo umekubali machozi ya mkwe. Akiikataa, fahali hurudi alikotoka, na ndoa hurudi naye. Na kaka yangu alikuwa ameapa mbele ya soko zima kwamba mtu wa chama kile hatakanyaga boma la baba yetu, awe hai au awe maiti.

Nilimwendea kibandani, bado nimeshika kitambaa cha kufutia pua. Nikamuuliza kama atamkataa mume wangu. Alikuwa akifunga nyaya za vipaza sauti vya mazishi ya mama, maana nani mwingine angevileta? Hakuinua macho.

"Akuje na ng'ombe," alisema. "Asikuje na chama."

Nyumbani nilimpelekea mume wangu maneno hayo kama yalivyo. Akasema mama yangu ni mama yake, na atakwenda kumlilia. Halafu akaongeza kwamba liko jambo. Mheshimiwa wake, mgombea ubunge mwenye nyumba kubwa Milimani, alikuwa amekwisha kusikia habari za msiba, na amejitolea kutoa lori la kubebea fahali. Na atalifuata kwa gari lake.

Lazima nieleze, kwa wale waliokuwa wadogo. Mkutano wa siasa ulihitaji kibali, na vibali vilitoka kwa shida, hasa kwa upinzani. Matanga hayakuhitaji kibali. Kwa hiyo wagombea wa pande zote walisikiliza matangazo ya vifo redioni kama wavuvi wanavyosikiliza habari za samaki. Mtu akifa, palikuwa na watu wengi, kipaza sauti na chakula. Mgombea wa kaka yangu naye alikuwa amekwisha kusema atakuja kumfariji.

Jumamosi ya mazishi jeneza lilikuwa mbele ya nyumba ya mama, chini ya turubai. Karibu na mlango palikuwa na meza yenye mashine ya kaka yangu, na chini ya meza betri ya lori, ile nzito yenye vishikio viwili. Wakwe walitengewa kibanda chao karibu na lango, maana mkwe hakaribii nyumba ya mama mkwe. Huko Maragoli mwiko ni uleule. Miaka yote ya ndoa yetu mume wangu hakuwahi kumtazama mama usoni, na waliheshimiana sana.

Askari walisimama barabarani na marungu na mabomu yao ya machozi. Vijana wa upinzani walijaa langoni. Lori likaja likipiga honi. Kuna mtu, sijui ni nani mpaka leo, alikuwa amemfunga fahali wa watu shingoni kitambaa cha chama tawala, na kipande kingine kwenye pembe. Ng'ombe wa machozi amevalishwa kampeni! Langoni pakanguruma. Niliona mikono ikishuka chini kutafuta mawe.

Mume wangu alishuka upande wa dereva, akamwona fahali, akasimama kidogo. Nyuma ya lori mheshimiwa wake alikuwa ameketi garini, kioo kimeshushwa. Mume wangu akapanda kwenye lori, akafungua kile kitambaa shingoni, akang'oa na kile cha kwenye pembe, akavikunja na kuvitia mfukoni. Alifanya hivyo polepole, mkubwa wake akimwangalia. Kisha akamshusha fahali na kuishika kamba kwa mikono miwili, mbele ya kaka yangu.

Kaka yangu alimwacha asimame pale. Mwishowe akainyakua kamba bila salamu, akawaambia vijana wapishe. Nilishukuru Mungu mapema mno.

Katekista alianza vizuri. Tukaimba, akasoma, akafunga kitabu ili atuongoze kaburini. Hapo mgombea wa upinzani akasimama "kusema maneno mawili ya pole". Ya pole yalikuwa mawili kweli. Yaliyobaki yalikuwa juu ya bei ya sukari, barabara mbovu na wauaji wa nchi, na kila alipotaja wauaji alinyoosha kidole kwenye kibanda cha wakwe. Vijana wakashangilia. Watu waliokuja na lori wakazomea. Mheshimiwa wa Milimani akasimama, akadai zamu yake, akasema yeye atakuwa wa mwisho na hatakuwa mfupi. Juu ya ziwa wingu lilikuwa limekuwa jeusi. Kaburi lilikuwa wazi. Askari walikuwa wamesogea mpaka kwenye ua.

Nilimfuata kaka yangu pale kwenye mashine.

"Mama anangoja," nilimwambia.

"Nimeahidi mheshimiwa wetu amalize," alijibu. "Nikimkata, hii vijana wataniita msaliti."

Nikaenda kwa mume wangu.

"Nimeagizwa nihakikishe mheshimiwa anafunga mkutano," alisema kwa sauti ndogo. "La sivyo sina kazi."

Anafunga mkutano! Mkutano! Nilimshika mkono, nikampitia kaka yangu nikamshika naye, nikawavuta mpaka nyuma ya ghala la mahindi. Sikujali nani ananiona. Nikawaambia kwamba nilidhani nina mume mwanasiasa na kaka mwanasiasa, kumbe nina matarishi wawili, kila mmoja ametumwa kushika kipaza sauti juu ya maiti ya mama yangu. Nikawaambia jiwe la kwanza likirushwa, nitawazika wao wawili na mama siku moja. Kutoka uani tulisikia mgombea wa kaka yangu bado akipiga kelele kwenye mashine, na watu wakimjibu kwa matusi.

Hawakutazamana. Mume wangu ndiye aliyeanza.

"Shemeji, hiyo mashine yako inatumia nini?"

"Betri. Si uliiona?"

"Ikitoka?"

"Inazima. Lakini nikitoa mimi, watasema umeninunua."

"Nikitoa mimi, watasema serikali imewanyamazisha," mume wangu alisema. "Mawe yataanza hapo hapo."

Kaka yangu alikuna kichwa. Alikuwa amechoka, naona hivyo sasa. Hakuwa amelala tangu mama afe. Akasema, "Basi tutoe wote. Mimi huku, wewe huku. Tuone nani atarusha."

Mume wangu akamwambia betri iko mlangoni kwa mama. Kaka yangu alielewa mara moja. Wakati ule wote wa matusi, juu ya miiko hawakuwa wamewahi kutofautiana.

"Ora," akamwita. Ndivyo tunavyomwita mkwe kwa Kijaluo, na sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake tangu siasa ianze. "Ora, tembea na macho chini. Mimi nitakupitisha."

Wakatoka. Mume wangu aliinamisha kichwa tangu kwenye ghala, akifuata visigino vya kaka yangu. Alipokaribia turubai shangazi yetu aliruka kutoka kwenye mkeka, mikono hewani, amzuie. Nikamshika. Nikamwambia, "Anakwenda kumzika wifi yako, mwache." Shangazi akamtazama yule mwanaume aliyeinamisha uso mbele ya jeneza, akarudi akaketi.

Waliinama pamoja. Kaka yangu akachomoa waya. Sauti ya mgombea wa upinzani ilikatika katikati ya neno, naye aliendelea kufungua mdomo kwa muda kabla ya kujua. Kisha wakaiinua ile betri, mmoja huku, mwingine huku, wakaanza kuvuka uwanja.

Sijawahi kusikia kimya kama kile penye watu wengi vile. Vijana walikuwa na mawe mikononi, niliyaona. Watu wa lori walikuwa na fimbo. Kila upande ulikuwa na adui mbele yake, na kila adui alikuwa amebeba kitu pamoja na mtu wao. Kijana mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa nani amezima?" Wakaifikisha mpaka kibanda cha wakwe, wakaiweka chini, wakaikalia wote wawili, mabega yakigusana kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo.

Katekista, Mungu ambariki, hakungoja. Alianza kuomba kwa sauti yake mwenyewe, ambayo haikuwa kubwa. Waliokuwa mbali hawakumsikia, wakasogea, kisha wakasogea tena, mpaka ukashindwa kujua nani alikuja na lori na nani alikuwa langoni. Kaka yangu aliinuka akaenda kutupa udongo wake, na mume wangu akabaki ameikalia betri peke yake, uso kwenye magoti. Hakuna aliyemsogelea. Mvua ilitukuta udongo ukisawazishwa. Magari ya waheshimiwa yalikuwa yamekwisha kuondoka, kila moja na hasira yake.

Ningependa kusema walipatana. Wiki iliyofuata kaka yangu alikuwa tena juu ya kreti lake, na mume wangu alikuwa tena barazani. Lakini neno kupe halikusikika, na la kufagia pia halikusikika. Walitukana sera, si watu.

Haikuwasaidia. Vijana wa upinzani, wale wale waliokula ubwabwa kwetu, walikivunja kibanda cha kaka yangu, wakazitupa redio za wateja kwenye mtaro na kumwita aliyenunuliwa. Hazikupita siku nyingi mume wangu akaletewa barua ya uhamisho kwenda kaskazini, mahali ambapo mtu husafiri siku nzima kutafuta maji ya kuoga. Nilikuwa nimeogopa watadhurika mmoja kwa mkono wa mwenzake. Waliowadhuru ni watu wao wenyewe.

Asubuhi ya safari kaka yangu alikuja na mkokoteni, akapakia sanduku la mume wangu na godoro, akausukuma mwenyewe kutoka Mamboleo hadi stendi ya basi. Sanduku lilipokwisha kufungwa juu ya basi, walisimama wakitazamana.

"Baada ya hayo waliyokufanyia," mume wangu alimuuliza, "bado utawapigia kura?"

"Bado," kaka yangu akasema. "Na wewe?"

"Bado."

Nilitaka kuwazaba makofi wote wawili. Nilifungua mdomo niwape maneno yao, na badala ya maneno kikatoka kilio, kikubwa, pale stendi, mbele ya abiria na wauza mayai. Kondakta akadhani namlilia mume anayesafiri. Nilikuwa namlilia mama. Siku ya mazishi yake nilikuwa na kazi ya kuwachunga wanaume hawa, na sikuwa nimepata nafasi.