Sindano Iliyotazama Mlima

Meru nilikozaliwa, mlima wetu, Kirinyaga, uko upande linakotua jua. Kutoka Embu, mlima uko kaskazini. Mtu yeyote aliyesafiri kati ya miji hii miwili amelitambua hilo bila kufundishwa. Lakini ndilo lililonitoa darasani miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ilipopigana na wapiganaji wa msituni, na sijapata moyo wa kulisamehe.

Nilikuwa bado msichana, cheti changu cha ualimu hakijapata hata mkunjo. Nilisomea chuo cha pale Kaaga, karibu na kwetu, na nilitarajia kupangiwa shule ya karibu na mama yangu. Badala yake nikatumwa Embu, kwenye shule ya ukingoni mwa kijiji kipya. Kipya kwa maana kwamba watu walikuwa wametolewa mashambani mwao kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa, wakarundikwa pamoja ndani ya mzunguko wa handaki lililochomekwa miti iliyochongwa ncha. Handaki hilo walilichimba wenyewe, wengi wao kina mama. Kituo cha mahomugadi, askari wenyeji waliotumikia serikali, kilikuwa kando ya barabara, mkabala na shule. Bila pasi hukuenda popote.

Nilipewa darasa la sita, na ushonaji wa wasichana, na somo la maumbile kwa sababu walimu wengine walilikwepa. Mtaala ulisema mwanafunzi aijue sumaku. Shule haikuwa na sumaku. Nilipopata ruhusa ya kwenda Meru kumzika shangazi, nilimwendea mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa na malori pale mjini, mtu aliyefahamiana na baba yangu tangu zamani. Alifungua injini ya lori lililokufa akanitolea sumaku nzito iliyopinda kama kwato.

"Chukua, mwanangu," alisema. "Hapa inakula kutu tu. Wafundishe watoto."

Wasichana walikuwa na sindano za kushonea. Nikawaonyesha jinsi ya kuisugua sindano kwa sumaku, kwenda upande mmoja tu bila kurudi, mpaka nayo iwe sumaku. Tuliichomeka kwenye kiini cha bua kavu la mahindi, tukaielesha juu ya maji ndani ya nusu kibuyu. Ikayumba, ikazunguka, ikatulia. Tukaigeuza kwa kidole. Ikarudi palepale.

Niliwaambia kwamba dunia yenyewe ni kama sumaku moja kubwa, na nguvu yake iko kila mahali, haionekani, haizuiwi na ukuta wala handaki. Sindano inaihisi, basi, na kujilaza kufuata kaskazini na kusini.

Msichana mmoja aliinua mkono. Ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote, mrefu, mwenye kovu juu ya jicho, na sindano yake ndiyo iliyotangulia kutulia.

"Mwalimu, hata kule kambini alikofungwa baba?"

"Hata kule."

"Na askari hawawezi kuizuia?"

"Hakuna anayeweza."

Darasa zima likacheka, kicheko cha raha ambacho sikuwahi kukisikia pale. Kisha yule msichana akainama tena juu ya kibuyu, akafuata ncha ya sindano kwa macho hadi nje ya dirisha, akapiga kelele: "Mwalimu! Inatazama Kirinyaga!"

Kweli. Asubuhi ile mlima ulikuwa wazi, theluji yake yote nje, na ncha ya sindano ilielekea huko. Niliwaeleza kwamba mlima hauhusiki. Huku kwenu umesimama kaskazini, nikasema, lakini kwetu Meru sindano hiihii ingeuacha ubavuni. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Aliingia, akainyanyua sumaku, akaijaribu kwa funguo zake, akatabasamu kama mtoto.

"Mwalimu, hili ndilo somo," alisema mbele ya darasa. "Somo hasa."

Saa ya mapumziko wasichana walitoka na vibuyu vyao, wakaketi duara kwenye nyasi, vichwa vimeinama, wakingoja sindano zitulie. Homugadi mmoja alikuwa akipita nje ya ua. Aliona duara. Aliona vibuyu. Alisikia jina la mlima. Kwake hicho kilikuwa kiapo cha watu wa msituni, na watoto ndio waliokuwa wakilishwa.

"Nani amewafundisha kuabudu mlima?" alinguruma.

Wasichana walitawanyika. Nilitoka na chaki mkononi nikasema ni mimi, na kwamba haikuwa ibada. Alipiga kibuyu teke. Wenzake wakaja, wakachukua sumaku, wakanisukuma kuvuka barabara. Hakuna mwalimu aliyetoka darasani kwake.

Nilikaa katika kambi ya kuchujia watu, walikotafutwa waliokula kiapo, hadi gauni langu likabadilika rangi. Sitasimulia yote ya mle. Wanawake wanaokumbuka wanakumbuka, na wasioyajua hawataki kuyajua. Nitasimulia siku niliyopelekwa kwa DO, afisa wa serikali aliyetawala tarafa.

Alikuwa Mzungu kijana, karibu rika langu. Sumaku ya yule mzee ilikuwa juu ya meza yake, imenasa vibanio vya karatasi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua nitasema nini, nikakisema chote kwa mkupuo: dunia, nguvu isiyoonekana, ncha mbili.

"Kama mlima ndio unaoivuta," nikamaliza, "nipelekeni Meru na sindano moja. Mtaona kwa macho yenu. Kule haitautazama."

DO alinisikiliza. Kisha akafungua mfuko wa ngozi uliokuwa kwenye mshipi wake, akatoa dira ya shaba, akaiweka mezani mbali na sumaku. Ilitikisika, ikatulia. Ilielekea mlimani.

"Mimi najua hiyo kitu, mwalimu," alisema. "Mimi si mjinga. Mimi najua wewe nasema kweli."

Kwa muda mfupi nilidhani nimeokoka.

"Lakini huko juu iko watu msituni. Usiku hawaoni njia, mvua hawaoni njia. Sasa wewe nafundisha watoto wao kutengeneza dira na sindano ya mama." Akafunga mfuko wake. "Hiyo ndiyo mbaya. Si uwongo. Kweli."

Nilikuwa nimekuja kupigana na ujinga, na ujinga haukuwamo chumbani humo.

Mwalimu mkuu aliitwa. Aliingia kofia mkononi, hakunitazama. DO akamuuliza kama alijua somo lile.

"Siku hiyo nilikuwa ofisini, bwana. Sikuona chochote."

"Na nani alitengeneza sindano ya kwanza?"

"Ni darasa lote," nikadakia. "Wote pamoja."

"Hapana, bwana," alisema mwalimu mkuu, na akalitaja jina la yule msichana, na jina la baba yake, na kambi alikofungwa. Hakuulizwa hayo mawili ya mwisho.

Nilinyang'anywa cheti, nikarudishwa Meru nikiwa nimekatazwa kutoka katika eneo la chifu wetu. Yule msichana alifukuzwa shule akapewa jembe la kazi ya lazima. Nilisikia kwamba alipigwa ili aseme sindano zilikuwa zikipelekwa kwa nani msituni. Hapakuwa na wa kumtaja.

Niliolewa Ruiri, humo humo katika eneo la chifu, nikalima maharagwe kwa mume wangu mpaka uhuru ulipokuja, ndipo nikarudishiwa kazi. Yule mwalimu mkuu alikuwa tayari mkaguzi wa shule. Siku moja aliingia darasani kwangu na suti yake, akaketi nyuma, akasikiliza hesabu. Alipotoka alinisifu kwa mwandiko mzuri wa ubaoni. Nikamwambia, "Asante, bwana."

Yule msichana nilimpata miaka mingi baadaye, mjini Embu, mtaa wa Majimbo, akifua nguo za watu nyuma ya nyumba isiyo yake. Kovu lilinionyesha ni yeye. Nilimwita kwa jina, akasimama, povu likimtiririka mikononi.

"Mwalimu," alisema, bila kunyoosha mkono. "Unatafuta nini kwangu?"

"Nimekuja kukuona tu."

"Uliniona. Walipokuuliza, uliniona vizuri, ukanitaja."

Nilimweleza. Nilimwambia kila kitu, ofisi, kofia, nani alisema nini. Alisikiliza huku akikamua shuka, maji yakianguka miguuni pake.

"Huyo mwalimu mkuu alimlipia binti yangu karo ya shule," alisema. "Mwaka baada ya mwaka. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa Ruiri, kwanza nimekatazwa kutoka, halafu nikifundisha.

"Mm," alisema. Akatundika shuka kwenye kamba, akazinyoosha pembe zake kwa uangalifu, akachukua lingine kwenye beseni. Nilisimama pale mpaka ikawa aibu kuendelea kusimama, kisha nikaenda stendi kutafuta gari la Meru.