Sophia Alipoacha Kulia

Adila binti Msabaha aliacha shule akiwa kidato cha pili, baba yake alipougua mgongo na shamba la mananasi likakosa wa kulipalilia. Alitoka na ripoti moja, ambayo chini yake mwalimu wa darasa alikuwa ameandika kwa Kiingereza: "A quiet girl." Mzee Msabaha akauliza maana yake. Adila akamwambia kwamba mwalimu anasema yeye ni mtulivu. Mzee alifurahi, akaiweka ile karatasi kwenye sanduku la msahafu, na posa ilipokuja aliwatolea wageni waione.

Adila mwenyewe alilijua neno hilo kwa sura zaidi ya moja. Mwalimu akiingia darasani alilipigia kelele, "Quiet!", na wote wakanyamaza kwa kuogopa fimbo. Kitabuni kulikuwa na kijiji kilichoitwa hivyo kwa sababu watu wake wote walikuwa wamehama. Lakini hayo hakumweleza baba yake. Hakuwa mtu wa kueleza mambo.

Akaolewa hapohapo Kiwangwa na Shuaibu, aliyekuwa mpakiaji wa mananasi kwenye malori yanayopita Msata. Walikaa kwa mama yake Shuaibu, Bi Tabia, mjane mwenye sauti nzito na mkono mwepesi wa kusaidia. Mwaka wa pili akazaliwa Sophia, mtoto wa makelele, aliyelia akinyimwa ziwa na kulia tena akipewa upande asioutaka. Majirani walicheka, wakasema mtoto anasema kwa niaba ya mama yake.

Sophia alikuwa na mwaka na miezi minane alipopata homa wakati wa masika. Siku ya kwanza alichemka na kulia bila kukoma. Shuaibu alikuwa safarini. Asubuhi ya siku ya pili mtoto alishikwa na degedege: macho yakageuka, mikono ikakakamaa, povu likamtoka. Bi Tabia alimpakata, akamsomea, akampangusa kwa maji. Baadaye mwili ukalegea na kilio kikakatika.

"Alhamdulillahi," Bi Tabia akasema. "Limemwachia. Ametulia, mwache alale."

Adila alimgusa miguu, ilikuwa baridi. Macho hayakufumba yote. Alisema kwa sauti ndogo kwamba labda wampeleke kituo cha afya. Bi Tabia akamjibu kwamba mtoto aliyetoka kwenye degedege hatikiswi juu ya pikipiki, na kwamba yeye amelea watoto kabla Adila hajazaliwa. Adila akakaa. Alikaa pale kwenye mkeka tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa, akimtia Sophia ziwa mdomoni, na kila mara maziwa yakitiririka shavuni. Ndipo alipoinuka, akamfunga mtoto kifuani kwa kanga, akatoka bila kuaga.

Kituoni daktari alikuwa kijana mwenye haraka. Alimpima Sophia, akamfinya kidole, akammulika macho, huku akiuliza maswali na kuandika. Adila aliichungulia ile karatasi. Katikati ya maandishi asiyoyaelewa aliliona neno analolijua: quiet, na mbele yake since morning, tangu asubuhi. Moyo ukamtulia. Alifikiri kwamba hata daktari ameona mtoto ana nafuu. Kwa mara ya kwanza siku ile alivuta pumzi sawasawa.

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, mtoto akitoka kwenye degedege akanyamaza hivi, asiamke hata ukimfinya, hajapata nafuu. Amezimia. Ungemleta palepale."

Walimtundikia dripu, wakamchoma sindano, wakatafuta gari la kumpeleka Bagamoyo mjini. Sophia alikata roho kabla gari halijafika.

Msibani kila aliyemshika mkono alimwambia atulie, kazi ya Mungu haina makosa. Aliitikia kwa kichwa tu. Shuaibu alirudi kutoka Msata akalia hadharani kama mtoto, na Adila hakuweza kulia. Kwa miezi alimpikia mkwe wake, akamchotea maji, akamwitikia "abee, mama", na hakumtazama usoni.

Miaka miwili baadaye mtoto wa jirani yao Esha alishikwa na degedege. Adila alisikia kilio kikikoma ghafla ng'ambo ya ua. Aliangusha jembe, akaingia ndani bila hodi. Wanawake walikuwa wakimfunika mtoto alale.

"Nipeni," akasema. Esha akasita. "Esha, huyo halali. Nipe mtoto."

Alimwondoa mikononi mwa mama yake, akamkimbiza kituo cha afya, na bibi wa mtoto akamtukana mpaka barabarani. Mtoto alipona. Sikio moja halikusikia tena, na bibi yake kwa muda mrefu alisema ni mkosi wa Adila. Lakini wanawake wa jirani walianza kumwita mtoto akipata homa, naye alikwenda, hata wakati wa kuvuna.

Jioni ya siku ile aliyomkimbiza mtoto wa Esha, Bi Tabia alimkuta jikoni akimenya muhogo. Alikaa kwenye kibao, kisu chake mkononi, asimenye.

"Hukunisema kwa watu," akasema.

Adila aliendelea kumenya.

"Wangu wawili walitulia vilevile. Kabla ya Shuaibu. Mama yangu aliniambia niwaache walale, nami nikashukuru kwamba wamepumzika. Hakuna aliyeniambia, Adila. Siku ile wewe ulipomkimbiza Sophia ndipo nilipojua niliwafanya nini wanangu."

Hasira aliyokuwa ameitunza miaka miwili Adila hakujua tena aielekeze wapi. Alichukua muhogo mwingine. Hatimaye akauliza watoto wale waliitwa nani, maana nyumbani mle hakuwahi kusikia wakitajwa.

"Bilali," Bi Tabia akasema. "Na wa kike, Mwanaidi." Kisha akaanza kumenya, taratibu, maganda yakiangukia miguuni mwake.