Gari la Maiti Lililolala Upande

Siku tuliyompeleka shemeji yangu kuzikwa, gari lililombeba lililala upande. Tulikuwa tumetoka mochari Kisumu asubuhi, tukapita Nyamasaria bila shida, na jua la mchana likatukuta tumekaribia Sondu. Mimi nilikuwa gari la nyuma na dada yangu, mjane mwenyewe. Mbele yetu nikaliona lile gari refu jeusi likishuka pembe ya nyuma kushoto, polepole, mpaka bodi ikaanza kusugua tairi na moshi wa mpira ukatoka. Dereva akaegesha kando ya barabara, na msafara wote ukasimama.

Hata sijafungua mlango, nikasikia mtu akisema, "Amekataa kwenda."

Maneno hayo kwetu hayasemwi kwa mzaha. Marehemu akikataa kwenda nyumbani, basi kuna aliyemkosea, na watu huanza kumtafuta kwa macho. Siku hiyo hawakutafuta sana. Mume wa dada yangu alikata roho hospitalini alfajiri, wakati dada amekimbia kwenye chumba chao cha kupanga Kaloleni kuogesha watoto na kumpikia uji. Wiki nzima nzima alizolala sakafuni kando ya kile kitanda, juu ya leso, hakuna aliyezitaja. Matangani mama mkwe wake alirudia neno moja tu: "Alimwacha mwanangu afe peke yake." Na sasa dada alikuwa anakwenda kuishi kwenye boma la huyo huyo mama, yeye na watoto, maana hana nyumba nyingine. Akiingia pale na jina la mke aliyekataliwa na maiti, kwisha habari yake.

Mimi ni fundi wa magari, na hasira zangu ziko karibu. Nikavua koti, nikalitupa kwenye nyasi.

"Hakuna mtu amekataa kitu hapa!" nikasema. "Hii ni gari. Gari huwa mgonjwa kama watu. Ngojeni niwaonyeshe."

Nikalala chini kwa suruali yangu ya mazishi. Gari la namna ile halina springi za chuma. Kila tairi lina mfuko wa mpira uliojazwa hewa, na bodi inakaa juu ya hiyo mifuko. Kuna kompresa ya kuijaza, na kifimbo karibu na kila tairi kinachopima kama gari liko juu au chini. Nikaanza na kifimbo cha kushoto, kwa sababu kikivunjika gari hujidanganya lenyewe. Kilikuwa kizima. Nikaomba maji ya kunywa na sabuni, nikakoroga ndani ya chupa, nikamwagia viungo vya paipu. Hakuna povu. Nikamwagia mfuko wenyewe, pale mpira unapojikunja, na hapo povu likachemka.

"Njooni muone!" nikaita. "Mama, njoo uone kwa macho yako. Dada, na wewe njoo."

Wakainama, wakaona. Baba mdogo wa marehemu aligusa lile povu kwa kidole, na mama mkwe naye akaligusa. Nikawaeleza kwamba mpira umezeeka, umepata ufa, na kompresa imekimbia bila kupumzika tangu Kisumu ikirudisha hewa inayotoka. Ikapata joto sana, ikajizima isiungue. Nilikuwa nimeigusa, ilikuwa moto wa kuchoma. Nikamwambia dereva azime kila kitu, aiache ipoe, halafu awashe. Gari litainuka, twende polepole, tutafika.

Nilidhani nimemaliza. Mama mkwe akajifuta kidole kwenye leso yake, akaniangalia bila ukali wowote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Mpira umepasuka, nimeona," akasema. "Huyu dereva amebeba watu wangapi na mpira huo? Mbona upasuke leo, na mwanangu akiwa ndani?"

Nikasema mpira lazima upasuke siku fulani. Nikasema mashimo ya barabara, nikasema jua. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na hakuna hata kimoja kilichomjibu. Watu wakaanza kuguna.

Baba mdogo akamgeukia dada yangu. "Mama, ongea na mumeo. Muombe msamaha twende, jua lisituache."

"Asiombe!" nikapiga kelele. "Aombe msamaha wa nini? Amekosa nini huyu?"

Dada akanishika mkono, akanisogeza. Watoto wake walikuwa wanatuangalia kwa dirisha la gari. Akapiga magoti kwenye kokoto, akaweka kiganja kwenye kioo cha nyuma, palipo jeneza.

"Baba watoto," akasema, "nisamehe. Nilikuacha peke yako. Nisamehe twende nyumbani."

Na dereva, Mungu amsamehe, akafanya vile nilivyomwagiza. Akawasha.

Kompresa ikanguruma chini ya sakafu. Pembe ya kushoto ikaanza kupanda, kiganja cha dada kikipanda nayo, mpaka gari likasimama sawa. Wanawake wakaangua kilio. Mama mkwe akainua mikono yote miwili: "Amesikia! Mwanangu amesikia!"

"Imepoa!" nikapaza sauti. "Ni kompresa imepoa! Ni mimi nilimwambia awashe!" Nikamshika dereva shati ili aseme, naye akajitoa mkononi mwangu, akashika usukani. Watu walikuwa tayari wanapanda magari yao.

Nikamgeukia dada yangu. Yeye alikuwa ameliona povu, alikuwa amesikia kila neno langu. Nikamwinua, nikamkung'uta kokoto magotini. Hakuniangalia. Alikuwa analitazama lile gari lililonyooka.

"Kumbe ni kweli," akaniambia. "Alikufa amenikasirikia."