Gari la Ndugu wa Sabato

Mimi ni mzee wa kanisa la Wasabato, na mara nyingi nimewaonya wengine kuhusu matapeli. Heri niseme mwenyewe kabla hamjasikia sokoni.

Nilipata gari kuukuu linalouzwa mjini Keroka, kwa mtu nisiyemjua. Jumamosi moja nilimpigia simu kuuliza bei ya mwisho. Akanijibu kwa upole, "Mzee, leo ni Sabato. Tuongee kesho."

Niliona haya. Mzee mzima nafundishwa Sabato na muuza gari! Tangu hapo nikamwamini kama ndugu yangu wa tumbo moja. Mke wangu, Kemunto, aliponisihi tuthibitishe kwanza logbook, ile hati ya umiliki wa gari, nilimkemea: "Mtu anayeiogopa Sabato ataiba gari?" Jumapili nikalipa, nikapewa ufunguo mmoja. Wa pili, aliniambia, ulipotea shambani.

Sabato iliyofuata niliegesha mbele kabisa ya kanisa, kila mtu aone. Baada ya ibada waumini walikuwa wamelizunguka gari wakinipongeza, ndipo akafika mwalimu mmoja wa kike kutoka Nyamira. Hakusalimia mtu. Alitoa ufunguo mkobani, akabonyeza. Gari likaitika, taa zikawaka.

"Hili ni langu," akasema. "Nilimkodishia mtu, hakurudi. Nimelitafuta hadi nikaelekezwa hapa."

Kemunto ndiye aliyeuliza, "Lakini mwalimu, ulimwaminije mtu usiyemjua?"

Mwalimu akainamisha kichwa. "Alikuja kulichukua Jumamosi. Nilipompa mkataba atie sahihi, alikataa. Alisema ni Sabato."