Msemaji Wetu na Viboko wa Lufira

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, maana habari hii inanilazimu kukuonyesha kwa mikono pia.

Siku zile nchi ilipoitwa Zaire na sisi sote tulikuwa "sitwayen", yaani raia, nilikuwa fundi katika gereji moja ya mgodi wa shaba, Lubumbashi. Nilitaka kuoa. Wazazi wa msichana walikubali, lakini katika ukoo wao mwenye neno la mwisho ni mujomba, yaani kaka wa mama. Na mujomba huyo, alipostaafu, alikwenda kuvua samaki kwenye mto Lufira, nyuma ya milima yenye msitu mzito. Mvua zilikuwa zimebomoa daraja, hakuna kamio, yaani lori, iliyofika huko tena. Mimi nilikuwa na konji, yaani likizo, ya siku kumi tu. Mama wa msichana alinieleza bila kuzunguka: nikirudi kazini bila "ndiyo" ya kaka yake, yeye hatangoja konji ya mwaka mwingine.

Tuliondoka watatu. Wa kwanza alikuwa bulamu wangu, kaka wa msichana, aliyejua njia. Wa pili alikuwa msemaji. Hapo nikueleze vizuri: kwetu mwenye kuposa hafungui mdomo. Anakaa mkekani, macho chini, na msemaji anaomba kwa niaba yake. Ukijisemea mwenyewe umewadharau wakwe, na unarudi ulikotoka. Kwa hiyo nilimchagua jirani yetu wa kampi ya wafanyakazi, ambaye kazi yake ilikuwa kuita majina ya vituo katika gari-moshi la Sakania. Sauti yake iliamsha behewa zima.

Mkuu wa gereji alinipa mipira mitatu ya ndani ya matairi ya kamio, iliyochakaa. Niliiziba matundu, nikafuma kamba katikati ya kila mmoja na kushonea gunia, ili mtu apate pa kukaa. Ukitoa hewa, mpira unakunjwa kama blanketi na kubebwa mgongoni. Ukifika mtoni unaujaza kwa pampu ya baiskeli. Usiujaze ukawa mgumu, maana hauna tairi la kuushika. Jua likiupiga utavimba upande mmoja na kupasuka. Ubonyeze kwa kidole gumba. Kikizama kidogo, acha pampu.

Siku mbili tulipanda na kushuka milima. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya asubuhi inauma masikio. Tulipita chini ya miti iliyofunga anga, tukapika bukari, ugali wetu, kando ya vijito, tukala na samaki wa chumvi. Mimi nilikuwa nateleza kila mara, na bulamu hakuninyamazia.

"Sitwayen, iko unabeba ndoa yetu ku mugongo! Usianguke nayo!"

"Bulamu, wewe beba pampu na ufunge kinywa."

"Nikifunga kinywa, nani atakuchekesha? Huyu wa gari-moshi iko anahema tu."

Siku ya tatu tulifika mtoni. Maji yalikuwa ya kijani, yanakwenda polepole kati ya kuta za msitu, na kila mmoja wetu alikaa ndani ya mpira wake kama yai ndani ya kiota. Makasia yetu yalikuwa vibao vya sanduku vilivyopigiliwa kwenye fimbo. Nilifurahi mpaka nikasahau kuogopa. Kisha bulamu akatuonyesha masikio madogo juu ya maji. Viboko.

"Kiboko hapendi kushtushwa," alisema. "Tupige kelele tungali mbali, batatoka ku njia."

Mimi, kwa akili yangu ya gereji, nikaona kila kazi ina chombo chake. Nikamweka mbele mwenye sauti. Na yeye, kwa kukosa maneno mengine, akawaitia viboko vituo vyake:

"Mokambooo! Sakaniaaa! Bote bashukeee!"

Wakashuka kweli! Walizama upande wa kushoto, sisi tukapita kulia huku tukicheka karibu kupinduka. Kila kona alirudia, siku ile yote na asubuhi iliyofuata.

Alasiri ya siku ya nne tukafika kwa mujomba. Tulitandikiwa mkeka. Mujomba akakaa, mke wake pembeni, akasema, "Nasikia."

Msemaji wetu alifungua mdomo. Kikatoka kitu kama hewa ya tundu la mpira. Alijaribu tena: hewa. Mimi siwezi kusema. Bulamu hawezi kumwombea mtu dada yake mwenyewe.

"Huyu ni muntu ao ni pampu?" mujomba akauliza.

Mke wake alimwonea huruma msemaji. "Baba, aninong'oneze mu sikio, mimi nitasema."

Akainamisha kichwa, akasikiliza. "Anasema kijana iko anatumika muzuri, hapigi bantu, hanywi sana." Akasikiliza tena. "Anasema pia atamuletea mama mukubwa, ni mimi, pagne mbili mupya."

Msemaji akatikisa kichwa kwa nguvu zote. Hakutaja kitenge chochote! Mikono yake ilipinga hewani, mdomo ulifunguka na kufungika bila sauti. Mimi nilimtazama, nikatazama mkeka, nikauma midomo.

Mujomba alituangalia sisi wawili tulivyokuwa bubu, akamwangalia mke wake aliyekaa kwa heshima yote, akaanza kucheka hata akashika mbavu.

"Mukwe anayenyamaza wakati banamwongezea pagne," alisema akipangusa macho, "huyo ataishi muzuri na muke wake. Ndiyo. Mwambie dada yangu: ndiyo."

Tulirudi kwa miguu, na nikawahi kazini. Pagne mbili nilizipeleka kabla ya mvua.

Basi, ukienda kuposa mbali, kazi ya kelele mpe mtu mwingine yeyote. Msemaji wako mfunge kitambaa shingoni, mpe maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, na umwambie anyamaze mpaka mtakapoketi mkekani.