Kwa Msomi

Baba alinipa agizo moja tu siku niliyoondoka kwenda Lambwe: fyeka, lakini usijenge kitu chenye mlango. Alikuwa amechutama kando ya gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, analishona mdomo kwa sindano ndefu, na hakuinua kichwa.

"Na dirisha je?" nilimuuliza.

"Fyeka tu."

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia. Nilisomea jiografia, na utafiti wangu wa mwisho ulihusu jinsi watu wanavyogawana ardhi. Nilipata alama nzuri kwa kueleza mambo ya ardhi bila kuwahi kushika panga kwa zaidi ya saa moja. Kazi sikupata. Kwa hiyo baba aliponiambia niende nikasafishe fungu la babu, sikuwa na hoja ya kukataa, ingawa nilitafuta.

Fungu lenyewe lilikuwa pori. Kwa miaka mingi hakuna aliyelitaka kwa sababu ya mbung'o. Ng'ombe walikonda wakafa, na babu akawarudisha watu wake kando ya ziwa. Mbegu za migunga zikaota mahali palipokuwa na zizi. Nyabende, kile kichaka cha maua madogo ya rangi mbili kinachokwaruza mkono hata ukikipitia mbali, kikajaza nafasi zote zilizobaki. Sasa greda ilikuwa imepita ikafungua njia, wapima ardhi wakachimbia mawe ya mipaka, na kamati ya wenyeji ikatangaza kwamba shamba litakalokutwa bado pori mvua zikiisha litahesabiwa halina mwenyewe. Baba alikuwa kisiwani Remba, msimu wa omena umechanganya, asingeweza kuacha.

Lakini haikuwa kamati iliyomhangaisha. Alikuwa amepita miaka sitini na bado anaishi ndani ya boma la baba yake, ambaye alikufa zamani. Kwetu mwanamume hutoka kwa baba yake akaanzisha boma lake mwenyewe, ambalo tunaliita dala. Huenda asubuhi na mkewe na mtoto wao wa kwanza wa kiume. Baba hubeba jogoo, mama hubeba moto, mtoto hubeba shoka. Nyumba husimamishwa siku hiyo hiyo na wakalala humo. Kabla ya hapo, hata uwe na mvi, mtu akiulizwa njia ya kwako hutaja jina la baba yako. Baba hakuwa mtu wa kulalamika, ila mara moja nilimsikia akisema, kama anayeongea na nyavu, kwamba angependa kabla hajafa asikie mtu akielekezwa njia kwa jina lake.

Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa shoka.

Nilifunga turubai juu ya miti minne, bila ukuta hata mmoja, nikaanza kazi. Wiki ya kwanza nilikata bila mpango, huku na huku, nikijiaminisha kwamba ninasoma eneo. Jirani pekee alikuwa Mkuria aliyeacha mashimo ya dhahabu kule Osiri akanunua kipande upande wa pili wa kijito kikavu. Alikuja siku ya tatu, akasimama akinitazama.

"Ndugu, hii miti unaikata ama unaisalimia?"

"Naanza na midogo."

"Midogo inakucheka. Na hiyo suruali yako?"

Ilikuwa jinzi ya buluu. Akanionyesha mtego wa mbung'o uliotundikwa kando ya njia, kitambaa cha buluu na cheusi. Mbung'o hupenda buluu kuliko rangi yoyote.

"Wewe ni mtego unaotembea," alisema. "Tofauti ni kwamba mtego unaua, wewe unalisha."

Tangu siku hiyo aliniita msomi. Tuliongea Kiswahili kwa sababu hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kazi: kata hapa, moshi unakuja, una chumvi? Alikuwa Msabato. Kila Ijumaa mchana aliondoka kwenda kwa mkewe, akarudi Jumapili jioni. Sijui nisemeje kuhusu zile Jumamosi. Kulikuwa na sauti nyingi, kanga, nzige, matawi yaliyokauka yakipasuka yenyewe juani, lakini hakuna hata moja iliyonihusu. Simu ilishika mtandao juu ya kichuguu kimoja tu, nami niliokoa chaji. Kuna Jumamosi moja nilitambua kufikia alasiri kwamba sijatumia sauti yangu tangu jana, nikasema neno moja ili nihakikishe. Nilisema "haya." Halikujibiwa na chochote.

Mvua ilianza wiki ya tatu. Upepo ulilitwaa turubai ukalichana kwenye miiba, na kwa siku tatu nililala nimeketi chini ya kilichobaki, blanketi likinuka kama mbuzi. Siku ya nne nilijiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mapema: mlango ni nini? Ni ubao au bati linalofunguliwa na kufungwa. Kama ukuta umeruhusiwa na paa limeruhusiwa, hatia inaingiaje kwenye bawaba? Nilijijibu kwamba baba alirithi agizo ambalo yeye mwenyewe hajawahi kulihoji. Nilikata fito, nikakandika udongo mweusi wa pale unaonata kama uji, nikaezeka nyasi. Jirani alinipa bati moja kuukuu. Likawa mlango.

Nakiri kwamba nililifungua na kulifunga mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Turubai halikuwa na kitu kimoja: chini yake ulikuwa tu mahali fulani porini, hukuweza kusema umetoka wala umeingia. Kwenye ile nyumba niliweza kurudi. Jirani alipiga hodi jioni ya kwanza, hodi kamili, akasubiri nje mpaka niseme karibu. Hilo peke yake lilinifaa kuliko paa.

"Kwetu hii tungeiita simba," nilimwambia. "Nyumba ya kijana ambaye hajaoa."

"Ndiyo maana nyinyi Wajaluo mna kiburi. Mnalala ndani ya simba mkiwa wadogo."

Ila haikuwa simba, na nilijua. Simba hujengwa ndani ya boma la baba, kando ya lango. Hapa hapakuwa na boma wala lango. Palikuwa na nyumba moja na kijana mmoja, na kwetu mwana hamtangulii baba yake kulala ndani ya nyumba kwenye ardhi mpya.

Mara moja kwa wiki nilienda sokoni kuchaji simu. Siku moja nikirudi na unga nilimwambia mwendesha bodaboda, bila kufikiri, "Nipeleke kwangu, kule ndani." Akacheka. "Kwa Msomi? Napajua." Jirani alikuwa amelieneza jina hilo. Wenye bodaboda walihitaji jina la kuita ule mwisho wa njia, na hilo lilikuwepo. Wiki iliyofuata nilimsikia mwanamke mmoja akimwelekeza mwenzake: pita mtegoni, ukifika Kwa Msomi kata kushoto. Nilifurahi. Sioni faida ya kuficha. Nilitembea nikilirudia hilo neno hadi nyumbani.

Baba alipiga simu kusema watakuja Alhamisi, yeye na mama. Jogoo alikuwa amepatikana. Jirani alinikuta nikinoa shoka, nami nikamsimulia habari ya jogoo, moto na lile agizo.

"Mzee anajua habari ya nyumba?"

"Nitamweleza."

"Ningejua mambo yenu nisingekupa bati," alisema, akaliangalia kama linalomdai radhi. "Ibomoe nyumba leo. Tuwe wawili, saa moja tu."

Nilikataa. Nilikuwa nimeandaa hoja zangu, na zilikuwa nzuri. Ningemwonyesha kwamba mila hubadilika kila inapokutana na mvua. Nilitaka nishinde, na kwa ajili hiyo nilihitaji ushahidi uendelee kusimama.

Walifika Alhamisi asubuhi kwa pikipiki mbili. Mama alikuwa na kopo lenye makaa, amelishika mbali na gauni. Baba alivaa koti lake la kanisani, jogoo chini ya kwapa. Yule mwendesha bodaboda wa mbele alizima injini akasema kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri:

"Mzee, ndio hapa. Kwa Msomi."

"Kwa nani?" baba aliuliza.

"Kwa Msomi. Huyu hapa mwenyewe."

Baba alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu. Alisimama pale nyabende ilipoishia na ardhi safi ilipoanzia. Hakuvuka. Nilikuwa nimefyeka vizuri, naweza kusema hivyo. Kutoka pale uliweza kuona mpaka kile kijito kikavu, na mbele yake milima ya Gwassi, na ukungu upande wa ziwa. Sidhani aliona kitu kingine zaidi ya bati.

Mama ndiye aliyesema kwanza, kwa Kijaluo, haraka.

"Si stoo hiyo? Ya majembe. Lazima majembe yakae mahali."

Alikuwa akinitazama macho wazi kabisa. Alikuwa amenifungulia njia, na ilikuwa njia fupi: ndiyo, mama, stoo. Baba angeipokea. Nadhani alikuwa akisubiri niseme hivyo. Alimshusha jogoo kidogo, kama mtu anayejiandaa kuvuka.

"Umelala humo?" aliniuliza.

Hoja zangu zote zilinitoka. Kilichobaki ni kile kiburi cha mtu anayejiona hasemi uongo.

"Nimelala," nilisema. "Mvua ilikuwa kubwa, baba."

"Siku ngapi?"

"Wiki mbili."

Alitikisa kichwa taratibu, si kwa hasira. "Basi hapa ni kwako."

"Naibomoa sasa hivi. Shoka hili hapa."

"Nyumba utaibomoa," alisema. "Kule kulala utakubomoaje?"

Akampa mama jogoo, akapanda pikipiki. Mama alibaki kidogo. Alimwaga makaa njiani, akayakanyaga kwa kiatu mpaka yakazima, kwa sababu asingeweza kurudi na moto ule. Waliondoka, na nikamsikia jogoo akiwika mara moja kutoka kwenye kile kichaka cha kwanza, kisha injini tu, kisha hata injini ikaisha.

Nililing'oa bati jioni ile ile nikamrudishia jirani. Hakulipokea. Aliliegemeza kwenye mti na lipo pale hadi leo, kila mmoja wetu akilipita kama la mwingine.

Nimejaribu kuyapanga yaliyotokea kwa akili yangu ya kawaida na bado hayapangiki. Siamini kwamba udongo unajua nani alitangulia kulala juu yake. Siamini kwamba baba angepatwa na jambo kwa kuvuka mstari wa nyabende. Lakini nilipokuwa nikisema "kwangu" kwa yule wa bodaboda, sikuwa nikisema kuhusu bati na udongo. Nilijua ninachukua kitu. Hilo sikuwa nimelihoji, mimi niliyehoji kila kitu kingine.

Fungu letu linavuka kijito kikavu upande wa magharibi, likipakana na la jirani, na huko kulibaki pori zito. Nilianza kulifyeka Jumatatu iliyofuata. Sikumwambia baba. Nilihamishia turubai huko, nikalishona palipochanika, nikalala bila ukuta. Ile nyumba niliiacha wazi. Mbuzi wa kuzurura hulala humo siku za mvua, nawaonea wivu. Nilianza pia kuwasahihisha watu wa bodaboda. Niliwatajia jina la baba, nikawaambia pale ni kwa yule mzee. Waliitikia vizuri sana. "Sawa, Msomi," walisema, na wiki iliyofuata wakasema tena Kwa Msomi, kwa sababu mzee huyo hawajawahi kumbeba ila siku moja tu, na siku hiyo hiyo alirudi.

Mwezi ulipita bila simu. Kisha siku moja mwendesha bodaboda alinishushia gunia dogo la omena. Baba huandika magunia yake mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa zilizosimama wima, ili mzigo usipotee kati ya Remba na nchi kavu. Nilizijua herufi kabla sijazisoma. Jina langu halikuwepo. Gunia liliandikwa: KWA MSOMI, LAMBWE.

Nililiweka chini ya turubai. Ilikuwa Jumamosi. Nilipanda kichuguu nikampigia.

"Limefika?" aliuliza.

"Limefika."

"Mwenye bodaboda hakuuliza njia?"

"Hakuuliza."

Nilisikia ndege wa ziwani nyuma yake na mtu akigombana kuhusu taa za omena. Nilidhani ataikata simu.

"Jirani yako alinipigia," alisema. "Anasema umevuka kijito."

"Ndiyo."

"Unalala wapi?"

"Nje."

"Umefika wapi?"

"Kwenye mgunga mkubwa, ule wenye matawi mapana. Nitauangusha kesho kutwa."

"Huo uache."

Nilijua nisiulize, na niliuliza. Nilifikiri kuna jambo, kwamba babu aliwahi kuketi pale, kwamba mti wa aina ile hauguswi na mtoto wa kwanza.

"Kwa nini, baba?"

"Kivuli," alisema. "Mtu akija na jogoo asubuhi, mpaka nyumba isimame jioni, atakaa wapi?"

Chaji iliisha hapo. Nilishuka kichuguu, nikaubakiza mgunga, nikaendelea na nyabende upande wa pili wake.